Kondoo, Shilingi na Mwana: Mpendwa Anapokataa Kutibiwa

Soma kwa ajili ya somo hili: Luka 15:1–24, Yohana 5:1–9, 1 Samweli 2:22–29, 3:11–14, 8:1–3, Hosea 2:5–14, Marko 2:1–12, Yohana 9:1–3.

Fungu la kukariri: Yohana 5:6.

Katika karibu kila darasa la Shule ya Sabato yupo mtu ambaye, mahitaji ya maombi yanapotajwa, hutaja lake kwa sentensi moja tu. Wenzake wanataja malaria, ada ya shule, safari ya Sumbawanga, mtihani wa kidato cha nne. Yeye anasema, "Nina ombi la moyoni," kisha anakaa. Mara nyingi ombi hilo lina jina na umri. Ni kijana anayevuta unga. Ni mume anayerudishwa nyumbani usiku na bodaboda kwa sababu ya gongo. Ni dada aliyemaliza chuo ambaye hawezi kuianza siku bila chupa. Darasa linaomba, lesoni inafungwa, watu wanaingia ibada kuu, na swali lenyewe linabaki bila kuulizwa: afanyeje mtu ambaye mpendwa wake anakufa mbele ya macho yake, na kila akimwambia "twende hospitali" anajibiwa, "Mimi siumwi"?

Kwa Waadventista swali hili lina uchungu wa pekee. Fundisho lote la Pambano Kuu limesimama juu ya hiari. Mungu hakumfunga Lusifa minyororo siku ile ya kwanza alipoanza kunung'unika, wala hakuuzungushia ukuta mti wa katikati ya bustani. Upendo unaolazimishwa si upendo, na utii wa kulazimishwa haumpendezi Bwana. Basi baba anayemfungia mwanawe chumbani na kuweka kufuli, je, anafanya lile ambalo Mungu mwenyewe alikataa kulifanya? Na yule anayesema, "Ni mtu mzima, amechagua mwenyewe," anamwiga Mungu, au anarudia lile jibu la Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake?

Wenye majibu ya haraka wako wengi, na kwa kawaida ni watu ambao hawana mraibu nyumbani.

Mapenzi yaliyobanwa

Wapo wanaosema: mraibu hana tena hiari, kwa hiyo hakuna hiari ya kuheshimu. Unga ndio unaosema kwa kinywa chake. Mchukueni kwa nguvu, mtamshukuru Mungu baadaye. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mtu aliyeamka na arosto alfajiri, mifupa inauma, pua inatiririka, tumbo linasokota, hachagui kama anavyochagua mtu aliyelala vizuri. Ubongo wake umefundishwa kwa miaka kwamba kitu kimoja tu kitaondoa maumivu hayo, nao unamsukuma kukitafuta kabla ya chai, kabla ya sala, kabla ya aibu.

Lakini mtu huyohuyo mwite kwenye msiba wa bibi yake kijijini. Atatafuta shati safi. Ataenda na kubeba jeneza. Atamsalimu mjomba kwa heshima, na pengine atakaa siku 2 bila kuonekana kijiweni, ingawa anatetemeka. Akiona mama yake analia atageuza uso. Kwa hiyo mapenzi yake hayajafa. Yamebanwa, kama mtu aliyebanwa na ukuta uliomwangukia: mguu hautoki, lakini mkono mmoja bado unacheza. Kazi ya anayempenda ni kuutafuta huo mkono unaocheza na kuushika. Anayemvuta kwa nguvu zote bila kuangalia alipobanwa anaweza kuung'oa.

Tena kuna mambo ya mwili ambayo familia nyingi hazijaambiwa, nayo yanapaswa kusemwa wazi hata darasani. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, akikatishwa ghafla kwa kufungiwa chumbani, anaweza kupata degedege, kuweweseka, na hata kufa. Kuacha kwake kunahitaji daktari. Kwa heroini hatari iko mahali pengine. Arosto yenyewe ni mateso makubwa lakini ni nadra kumuua mtu mwenye afya. Kinachoua ni siku ya kutoka. Baada ya majuma machache bila unga mwili unasahau ulivyouzoea. Kijana anafunguliwa mlango, anarudi kijiweni, anachukua kipimo kilekile cha zamani, na pumzi inakatika. Familia inazika mtu ambaye wiki iliyopita ilitoa ushuhuda kwamba amepona. Ni kwa sababu kama hizi, pamoja na ukatili uliokuwa ukitendeka humo, kwamba Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa, Shirika la Afya Duniani likiwamo, yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwazuilia watumiaji wa dawa za kulevya kwa lazima vifungwe.

Haki isemwe: wapo waliopelekwa kwa nguvu ambao leo wanashukuru. Darasa lisiwakane. Lakini ushuhuda wa aliyepona husikika kanisani, na wa aliyekufa haupo wa kuutoa.

Kondoo, shilingi, na mwana

Luka 15 inasomwa mara nyingi mno kiasi kwamba tofauti zilizomo hazionekani tena. Yesu anasimulia vitu 3 vilivyopotea, na kila kimoja kinatafutwa kwa namna yake. Kondoo anajua kwamba amepotea, lakini hajui njia wala hana nguvu ya kurudi. Mchungaji anamwendea na kumbeba mabegani. Shilingi haijui hata kama imepotea. Mwanamke anawasha taa, anafagia, anaiokota bila kuiomba ruhusa. Mwana anajua kwamba yuko mbali na anaijua njia ya nyumbani. Huyo hafuatwi. Baba anangoja.

Kosa la wengi ni kuchagua mfano mmoja na kuushika siku zote. Baba mkali anasema, "Mimi ni kama yule baba wa mwana mpotevu, nangoja arudi," huku mwanawe amelala mtaroni, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa shida na haamki akiitwa. Huyo saa hiyo si mwana wa kungojewa. Ni shilingi. Anaokotwa, anapelekwa hospitali mbio, na wahudumu wanaambiwa ukweli kwamba ametumia unga, kwa sababu iko dawa, naloksoni, inayoweza kuirudisha pumzi yake ikiwahi. Hakuna mjadala wa hiari pale. Ni vivyo hivyo kwa aliyechanganyikiwa akili kiasi cha kutaka kujiua au kuua. Sheria za nchi zinaruhusu daktari kumlaza bila ridhaa yake kwa muda, na familia inayomwomba daktari hivyo haijamsaliti mtu wake.

Mama mwenye huruma naye hukosea upande wa pili. Anamwona mwanawe kuwa kondoo kila siku. Anambeba asubuhi, anambeba jioni, analipa madeni yake, anampigia simu mwajiri kusema mtoto ana homa. Mabega yanachubuka. Naye kijana, ambaye saa 5 asubuhi hana arosto, ana akili zake zote, na anajua fika anachokifanya, amejifunza kwamba mabega hayo hayachoki. Saa hiyo yeye ni mwana katika nchi ya mbali, na mama anamtumia nauli ya kwenda mbali zaidi.

Mtu mmoja, kwa siku moja, anaweza kuwa shilingi usiku, kondoo alfajiri, na mwana kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana hakuna kanuni moja ya kumtosha, na ndiyo maana wanaoishi naye hawapaswi kuhukumiwa na watu wanaomwona Sabato hadi Sabato.

Kosa la Eli halikuwa watoto wabaya

Soma 1 Samweli 2:22–29, kisha 3:13. Eli alipata habari za wanawe, akawaonya kwa maneno. Maneno yake hayakuwa mabaya. Mzazi yeyote angeweza kuyasema. Hata hivyo Bwana alimhukumu kwa kuwa hakuwazuia. Swali la darasa ni hili: kuwazuia kungekuwa nini? Wale walikuwa watu wazima, wenye wake. Eli asingeweza kuwafunga kamba. Lakini alikuwa kuhani mkuu. Nafasi waliyokuwa wakiitumia kupora sadaka ilikuwa chini yake, naye hakuiondoa mikononi mwao. Fungu la 29 linaongeza neno zito zaidi: nyumba ile yote ilikuwa imenenepa kwa sehemu nono za sadaka. Mzee alikula nao.

Si kila familia ya mraibu inakula naye, ila kuna namna nyingi za kula. Ipo nyumba ambayo mlevi ndiye mleta mshahara, kwa hiyo hakuna anayethubutu kusema neno tarehe 30. Ipo nyumba inayokula heshima: baba ni mzee wa kanisa, na habari za kijana zikijulikana, 1 Timotheo 3:4, 5 itasomwa kwenye kamati ya uteuzi. Kwa hiyo kijana anasafirishwa kwa shangazi Morogoro, watu wanaambiwa amepata kazi, na miaka 2 ya matibabu inapotea kwa ajili ya kulinda cheo. Wanaoifanya kamati iwe ya kuogopwa hivyo wana sehemu yao katika kosa hili. Samweli, nabii mwaminifu, naye alikuwa na wana walioipotosha hukumu kwa kupenda fedha (1 Samweli 8:1–3), na Maandiko hayamhesabii hilo kama yalivyomhesabia Eli. Tofauti haikuwa ubora wa watoto.

Wanafunzi nao waliuliza kuhusu kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Jibu la Bwana linajulikana. Mama mwenye mtoto wa unga ameshajiuliza swali hilo usiku mwingi kuliko darasa lote likijumlishwa. Hahitaji kuulizwa tena mlangoni mwa kanisa alimlea vipi.

Shilingi elfu tano za asubuhi

Chukua mfano wa mama wa Temeke anayeuza maandazi na chapati. Mwanawe ana miaka 27. Mtungi wa gesi umeshauzwa, runinga imeshauzwa, na mara moja hata ndoo ya unga wa ngano wa biashara ilipotea. Kila asubuhi mama anampa shilingi elfu 5. Mkuu wa darasa anaweza kumwambia kwa urahisi: acha kumpa, unamnunulia kifo. Lakini mama huyo si mjinga. Anajua hesabu ambayo mkuu wa darasa hajaipiga. Asipompa, kijana ataiba simu sokoni, na watu wenye hasira hawangoji polisi. Alishaona mwili wa kijana wa jirani barabarani, tairi shingoni. Ile elfu 5 haioni kama fedha ya unga. Ni fidia. Anaukomboa uhai wa mwanawe kila siku, kwa siku moja moja.

Hapa ndipo maadili ya vitabuni yanapokwama, na ni vema yakwame, ili watu wafikiri. Haitoshi kusema "upendo mgumu." Mama akifunga mkono wake peke yake, bila mtu wa pili, anaweza kweli kumpoteza mwana. Akiendelea kuufungua, atampoteza polepole. Hana tendo lolote safi lisilo na hatari ndani yake, na anayemwambia lipo anamdanganya.

Hosea 2 inatoa picha inayosaidia. Mke aliyewaendea wapenzi wake hafungwi mnyororo. Bwana anasema ataiziba njia yake kwa miiba. Mnyororo humshika mtu mwenyewe. Miiba hushika njia. Mwenye mnyororo hawezi kwenda popote, bali aliyezungukwa na miiba anaweza kugeuka, na upande mmoja umeachwa wazi makusudi, ule wa nyumbani. Soma pia fungu la 8 na la 9. Nafaka na mafuta alivyotumia kwa wapenzi vilitoka kwa mume, naye anavirudisha mkononi mwake. Kisha angalia fungu la 14, ambalo wapenda ukali husahau kulifikia: baada ya miiba anamvuta kwa maneno ya upole, anasema na moyo wake.

Uzio wa namna hiyo haujengwi na mama mmoja muuza maandazi. Unahitaji mjomba anayekubali kwamba mtungi mpya wa gesi ukae kwake. Unahitaji mjumbe wa mtaa aliyeambiwa ukweli, ili jambo likitokea awahi kabla ya umati. Unahitaji shemasi mmoja, si kamati nzima, anayepita jioni. Fedha taslimu inakoma, lakini sahani ya chakula ipo, imefunikwa, na kijana anaambiwa hivyo mapema, katika saa ambayo hana arosto na hajalewa, kwa maneno machache: "Mwanangu, pesa sitakupa tena. Kula utakula. Na siku yoyote ukisema twende, tunaenda siku hiyohiyo." Haambiwi kwa kelele, wala mbele ya wapangaji. Na iwapo ameanza kuinua mkono juu ya mama, asilale ndani ya nyumba ile. Hilo halingoji uzio ukamilike, wala mama hapaswi kuliona kuwa ni kukosa imani.

Jambo hili limepimwa pia na watafiti. Huko New Mexico, Marekani, mwanasaikolojia Robert J. Meyers, akiendeleza kazi ya Nathan Azrin ya miaka ya 1970, alitengeneza mafunzo kwa ajili ya ndugu wa mlevi aliyekataa matibabu. Mlevi hakuwapo kabisa. Walifundishwa mke, mama, dada. Walifundishwa kumkaribia na kumfurahia anapokuwa hajanywa, kujitenga naye kwa utulivu anapokunywa, kuacha matokeo ya ulevi yamfikie mwenyewe badala ya kuyafuta, kuzungumza bila lawama, kuangalia usalama na afya zao wenyewe, na kuwa tayari kwa saa atakayokubali. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa familia 130. Kwa waliofuata njia hiyo, takribani 64 kati ya kila walevi 100 waliingia matibabu. Kundi la pili lilifundishwa njia ya kumkusanyia mlevi ndugu zake na kumkabili kwa pamoja, iliyoanzishwa na padri wa Kianglikana Vernon Johnson. Huko walikuwa 30 kati ya 100, hasa kwa kuwa familia nyingi zilishindwa kulifikisha kusudi hilo hadi siku ya kikao. Kundi la tatu lilifuata njia ya Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi vilivyoanza 1951, nalo lilipata 13, ingawa ni haki kusema kwamba lengo la vikundi hivyo ni kuwatuliza ndugu na si kumleta mlevi hospitali.

Takwimu za New Mexico si za Temeke. Walakini zinaondoa uongo mmoja unaorudiwa sana vibarazani, kwamba mraibu hasaidiki mpaka apoteze kila kitu. Wengi, kabla hawajafika huko, hufika makaburini.

Nusu ya ndiyo

Katika Yohana 5 yuko mtu aliyeugua miaka 38. Bwana anamwuliza kama anataka kuwa mzima. Swali linaonekana kama dhihaka, lakini ni heshima: hata kwa mtu aliyelala miaka yote ile, Yesu hapiti juu ya mapenzi yake. Cha ajabu ni jibu. Mgonjwa hasemi ndiyo. Analalamika kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kwamba kila akijikokota mwingine anamtangulia. Mhojaji mkali angesema: hujajibu swali. Yesu alisikia ndani ya lalamiko lile ndiyo ya kutosha.

Mraibu anayekataa matibabu ni nadra kuamka siku moja na kutangaza kwamba amekubali. Ndiyo yake huja nusu, tena imefunikwa. Anasema, "Nimechoka." Anasema, "Yule rafiki yangu amekufa jana." Anauliza, kana kwamba ni jambo la mtu mwingine, kama ile dawa ya Muhimbili ni ya kulipia. Akijibiwa kwa hotuba ya saa nzima, mlango unafungwa. Akijibiwa, "Haya, vaa viatu," pengine atavaa. Saa hiyo amekuwa kondoo, na kondoo hubebwa leo; kesho arosto itakuwa imeshamshauri vingine.

Kwa hiyo kazi kubwa ya familia inafanyika kabla ya saa hiyo. Tangu Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni, huduma hiyo imefika Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine kadhaa, ikiwamo Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Nchini Kenya ipo Malindi, Nairobi na kwingineko. Kwenye kliniki za serikali Tanzania haitozwi fedha. Mara nyingi kijana huingia kupitia asasi zinazofanya kazi vijiweni, na wahudumu wa asasi hizo, ambao baadhi yao walikuwa watumiaji, wanajua kuzungumza naye kuliko mzee wa kanisa. Mlevi wa pombe hupelekwa hospitali yenye idara ya afya ya akili. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, nyingine nzuri, nyingine za kutiliwa shaka. Familia ikaitembelee nyumba kabla, iulize nani daktari wao, na ikiona minyororo iondoke.

Waadventista wengine hukwama kwenye methadoni. Wanasema ni kubadilisha dawa ya kulevya kwa dawa ya kulevya, na kwamba mwenye imani aache zote. Ni kweli kwamba methadoni ni ya jamii moja na heroini. Lakini inanywewa mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku, inazuia arosto kwa saa 24 na zaidi, na kipimo kikiwa sawa mtu halewi, anakwenda kazini. Mfupa uliovunjika hufungwa gango, na hakuna anayemwambia mgonjwa kwamba gango ni ukosefu wa imani au kwamba alitoe kwa sababu ameombewa. Kumwachisha mtu methadoni baada ya maombi ya Sabato mchana, bila daktari, ni kumrudisha kwenye hatari ileile ya siku ya kutoka. Waombaji waombe, tena kwa bidii, na kesho yake wamsindikize dirishani.

Anaweza kuanguka tena. Wengi huanguka, wengine mara nyingi. Hilo si ushahidi kwamba alikuwa akidanganya, na wala halimaanishi kwamba uzio ulikuwa bure. Na wako watakaokataa mpaka mwisho. Kijana tajiri wa Marko 10 alipendwa na Yesu mwenyewe, aliambiwa ukweli, akaondoka kwa huzuni. Maandiko hayasemi kama alirudi. Mzazi aliyemzika mwanawe baada ya kufanya yote haya hana deni ambalo kanisa linaweza kumdai.

Kwa mjadala wa darasa

Soma tena Marko 2:1–12. Mgonjwa hakubebwa na mtu mmoja. Walikuwa 4, na imani iliyoonekana ilikuwa yao. Bila kutaja majina wala kuuliza lile ombi la moyoni ni la nani, darasa lizungumze: iwapo Jumatatu saa 11 alfajiri simu italia na mama aseme, "Amekubali, lakini anataka kwenda sasa hivi," ni nani mwenye pikipiki, nani atakayekaa na maandazi mpaka mama arudi, na nani atakayekwenda naye tena Jumanne?